Habakuki Shemdoe, Mlinzi wa Kisima

Marehemu Habakuki Shemdoe alizaliwa Mkumbara tarehe 9 Mei 1929, mtoto wa tatu wa Mzee Isaka na Mama Rosina. Mama yake alikuwa akisema huyu alianza kutembea kabla hajajua kukaa.

Alisoma hadi darasa la nne, kisha akalinda ghala la mkonge miaka mingi. Tarehe 6 Agosti 1955 alifunga ndoa na Dorkasi. Siku hiyohiyo aliwaacha wageni kwenye pilau, akaenda kuhakikisha ghala limefungwa. Lilikuwa limefungwa.

Mwaka 1974 familia ilihamia kijiji cha ujamaa upande wa Magoma, naye akaingia mgambo. Vita vya Uganda vilipoanza, uvumi ulienea kijijini kuwa adui atatia magonjwa visimani. Marehemu akapewa kulinda kisima, na bunduki yake ya mbao.

Tarehe 14 Desemba 1978 akaja bwana afya mgeni, Muhidini, na debe la unga mweupe.

"Shikamoo mzee. Nimeleta dawa ya maji. Kipindupindu kimefika Korogwe."

"Marahaba. Dawa gani inanuka hivi? Wewe ndiye adui tuliyeambiwa."

Akaumwaga unga, akamfunga kamba, akampeleka ofisi ya kijiji. Barua ya kumthibitisha ilichukua siku tatu. Ugonjwa haukuletwa na adui. Ulikuwa umeshaingia kisimani na maji ya mvua. Tulizika watu wanne, na mmoja wao alikuwa Yordani, kitinda mimba wake, miaka sita. Ni uchungu kuyasema haya msibani, lakini mwenyewe aliagiza yasemwe.

Alimwomba Muhidini radhi, akamwomba amfundishe kupima dawa. Tangu hapo, kila Jumatatu alitia dawa kisimani, akangoja, na kikombe cha kwanza akanywa yeye.

Machi 1984 alianza kuugua ini. Hata kitandani hakutulia. Kila aliyeingia aliulizwa habari za kisima. Jumatatu tarehe 11 Juni, Muhidini alikuja kumjulia hali.

"Bwana afya, nani katia dawa leo?"

"Nimetia mwenyewe, mzee. Na kikombe cha kwanza nimekunywa."

Akageukia ukutani, akalala. Alifariki saa kumi jioni.

Ameacha mjane, Mama Dorkasi, watoto wawili, Fransisko na Raheli, na wajukuu watano. Kijiko chake cha kupimia dawa ya kisima anacho Raheli. Mzee wetu sasa aketi, apumzike kwa amani.