Lamduan Chaiyasit, Aliyewapanga Wagonjwa wa Baba Yake

Waheshimiwa watawa, wazee wetu, ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa hekaluni, kabla hatujapanda ngazi za tanuri kuweka maua juu ya jeneza na kabla moto wa kumchoma marehemu haujawashwa, familia imenituma mimi, Bunlue, mdogo wake marehemu, niwasomee habari za maisha yake, na ninawaomba mnivumilie.

Dada yetu Lamduan alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji hiki cha Nong Phai, mkoani Ubon, mtoto wa tatu wa mama Chanthi na mzee Thongdi, mganga wa mitishamba aliyejulikana hadi ng'ambo ya mto kwa majani yake ya vidonda vya nyoka, na tangu akitambaa hakujua kutulia, hata bibi akamwita Sisimizi, jina lililomganda mpaka uzeeni.

Alianza shule ya msingi hapa mwaka 1958, akasoma sekondari mjini Ubon, na mwaka 1970 akaenda Bangkok kusomea takwimu, ambako wenzake wa bweni wanasema alikuwa akisoma huku anatembea, kitabu mkono mmoja na kipande cha embe bichi mkono wa pili, akiwakanyaga waliolala. Tarehe 1 Juni 1975 aliajiriwa katika hospitali moja ya mkoa kufanya hesabu za madaktari, na mwaka 1978 akaolewa na shemeji yetu Somkhuan, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mtu mtulivu kama gogo, wakajaliwa watoto wawili, Ratchani mwaka 1980 na Phichai mwaka 1983.

Sasa nifike mwaka 1984, ambao nisipousema hapa mtausema wenyewe mkishuka ngazi. Mwaka huo hospitali ilikubali kuyajaribu majani ya baba yetu, wagonjwa walioumwa na nyoka wakidungwa wote dawa ya kuua sumu kwanza, kisha kura ikaamua nani kidonda chake kifungwe kwa majani na nani kwa dawa ya hospitali, na baba alifurahi sana, akawatangazia watu sokoni kwamba binti yake amesoma ili aje kumthibitisha. Lakini kundi lilikuwa dogo, na mgonjwa mmoja wa majani kidonda chake hakikufunga kabisa, akakatwa mguu, na daktari kijana aliyesimamia kazi akamwambia Lamduan, "Huyu tumtoe tu, hana siku ya kupona ya kuhesabu, anatuharibia wastani wa siku." Lamduan, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hali wala halali vizuri, akizunguka uani mpaka Somkhuan akamwambia atachimba mtaro, alijibu, "Mtu hatolewi kwa sababu anaharibu hesabu. Tutaibadilisha hesabu."

Angeweza kumpelekea baba karatasi, lakini baba hakusoma karatasi, kwa hiyo mwezi wa Desemba, mavuno yalipokwisha, aliwaita wagonjwa wote katika uwanja wa hekalu hili hili, waliotibiwa kwa majani wakajifunga kitambaa cha kijani mkononi na wa hospitali cheupe, akawapanga mstari mmoja, aliyepona mapema mbele, aliyechelewa nyuma, waliopona siku moja wakasimama bega kwa bega wakigawana nafasi, na yule aliyekatwa mguu akaketi kwenye kiti mwisho kabisa, kwa maana siku hakuwa nazo lakini nafasi alikuwa nayo. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Baba alipita kando ya mstari akiwa amefumbata mikono nyuma, akaenda, akarudi, akasema, "Mbona wangu wamejaa mkiani?" Akasema tena, kwa ukali, "Ni bahati mbaya tu. Kura ndiyo iliyonipa wenye vidonda vibaya."

Lamduan alikuwa amelitarajia neno hilo, akavikusanya vitambaa vyote katika kikapu cha wali wa kunata, akamwomba baba mwenyewe avigawe upya akiwa amefumba macho, watu wakibaki walipo, ili waone bahati peke yake ingeupanga mstari namna gani, na baba akagawa, rangi zikachanganyika, akagawa tena, zikachanganyika, akaendelea mpaka kivuli cha hekalu kikawafikia, na katika kugawa kote huko mara moja tu kijani kilijazana nyuma kama kilivyojazana kweli. Hapo baba aliweka kikapu chini, akasema, "Basi, mwanangu. Umenichambua kama mchele."

Lakini kabla hajaondoka alimshika bega mtu aliyesimama wa kwanza kabisa mbele, mkulima mmoja wa kijiji cha Ban Kho, ambaye alikuwa wa majani, akauliza, "Na huyu je?" Lamduan akajibu, "Huyu sijui, baba. Mstari unasema habari za makundi, hauwezi kuniambia habari za huyu." Jibu hilo lilimsumbua Lamduan maisha yake yote, alikuwa akiamka nalo, na mara mbili alimfuata mkulima yule nyumbani kwake kumtazama tu mguu.

Kijijini walimsimanga, wakasema Sisimizi kamng'ata baba yake, na baba hakusema naye mpaka mvua za mwaka uliofuata, siku alipoletewa mwanamke aliyeumwa na nyoka shambani, akamtazama, hakugusa majani, akampakia kwenye gari la jirani akaenda naye mwenyewe hadi hospitali, akasimama mlangoni akiita kwa sauti, "Sisimizi! Nimekuletea wa kwako." Baada ya hapo aliwaleta wengine wengi, mpaka alipofariki tarehe 3 Oktoba 1996, na Lamduan ndiye aliyemwosha.

Marehemu alistaafu mwaka 2011, na Agosti 2017 akagunduliwa kuwa na saratani ya mirija ya nyongo, madaktari wakamweleza kwamba kuna dawa ya zamani na dawa mpya zinazolinganishwa, na kura ndiyo inayogawa, wala mgonjwa wala daktari wake hajui amepata ipi. Ratchani alikwenda kwa siri kumsihi daktari ampe mama yake ile dawa mpya, na marehemu alipopata habari alijiinua kitandani akasema, "Mimi nikichaguliwa, mama wa mwenzako atapangwa wapi?" akatia sahihi mwenyewe, akaingia katika kura. Alifariki tarehe 9 Februari 2019, alfajiri, akiwa na miaka sitini na saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Somkhuan.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kukesha nasi siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa zamani waliosafiri kutoka mbali, na ninyi watawa mliomsomea sala. Mnaotuuliza alikuwa katika kundi gani, hatujui, matokeo hayajatoka, na alituagiza asitolewe hesabuni eti kwa sababu tu amekufa. Pumzika kwa amani, dada. Sisi huku bado tunasubiri.