Babu Sindano, Aliyetuachia Sauti Yake

Marehemu mzee wetu, ambaye hata wakwe zake walimwita Babu Sindano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba mwashi na mama mkunga. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alilia mara moja tu, tena kwa adabu, kisha akanyamaza.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966. Ripoti yake ya mwisho ilisema ni mwanafunzi mzuri, ila haongei.

Mwaka 1967 alikwenda kwa mjomba wake kujifunza kutengeneza vyerehani, akarithi kibanda chake mwaka 1975 na hakukihama tena. Ugonjwa wa cherehani aliutambua kwa masikio. Aliinamisha kichwa, akazungusha gurudumu taratibu, na mteja akianza kueleza alimwambia, “Subiri kidogo, iache iseme yenyewe.”

Tarehe 9 Agosti 1978 alifunga ndoa na mshonaji aliyemletea cherehani ileile mara nne kwa mwezi mmoja. Mama anakiri kwamba mara tatu za mwisho skrubu aliilegeza mwenyewe. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2019 Mama alivunjika nyonga, akawa hatoki nyumbani. Mzee akamwomba mpwa wake amfungulie ukurasa wa video kwenye simu, ili mkewe asikose habari za kibandani. Kila saa sita mchana alijirekodi na kupakia: “Mama Watoto, nimefika, nimefungua. Mgonjwa wa leo meno yamemwisha.” Kisha alionyesha namna ya kubadilisha meno hayo ya cherehani yanayosukuma kitambaa. Aliamini anayetazama ni mkewe peke yake. Kumbe ukurasa ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Watu elfu kumi na moja walijifunza ufundi kwake, na walikuwepo pia siku aliyomwimbia mkewe, na siku aliyolalamikia mboga isiyo na chumvi.

Kitinda mimba wake, ambaye ni mwalimu, aligundua hayo wanafunzi walipoanza kumpokea darasani kwa “Nimefika, nimefungua.” Aibu ilimpanda. Tarehe 11 Februari 2023 alikwenda kibandani.

“Baba, unatuanika. Futa zote.”

“Zote?”

“Zote, Baba.”

Mzee alisema sawa. Kesho yake ukurasa haukuonekana tena.

Mwezi Juni mwaka huohuo aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alifanyiwa upasuaji tarehe 2 Septemba, na sauti yake haikurudi. Akawa anaongea kwa daftari na kalamu. Kitinda mimba alihamia nyumbani kumuuguza, akamlisha, akambadilishia bandeji, akasoma kila alichoandika. Jambo moja tu hakuthubutu kuligusa: kwamba sauti ile aliamuru yeye ifutwe, na mama yake hataisikia tena.

Mzee alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2024, maumivu yakiwa yametulia, kiganja chake kikiwa ndani ya viganja vya mkewe.

Siku iliyofuata, wakichagua picha ya kuweka kwenye programu hii ya mazishi, kitinda mimba alishindwa kujizuia. Alipiga magoti karibu na kitanda cha mama yake, akaungama yote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa simu chini ya mto pamoja na spika zake za masikioni.

“Kwani saa sita ulidhani nasikiliza redio?”

Video elfu moja mia mbili na kumi na mbili zilikuwemo zote. Mzee alikuwa amemrudia mpwa wake, akamwomba aufunge ukurasa ubaki kwa mkewe tu. Mama alidhani bintiye ameambiwa. Mzee naye, inaelekea, alidhani Mama amesema.

“Alisema kufuta ni kazi ya mtu mwenye hasira,” Mama aliongeza, “na hasira zako wewe hazimalizi wiki.”

Binti alilia, kisha akacheka, kisha akaomba spika moja ya sikio. Alipata usingizi mchana ule, wa kwanza baada ya miezi mingi.

Babu Sindano ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa, mpwa anayeendeleza kibanda, na vyerehani vinne vilivyokwisha kutengenezwa. Wenyewe wanaombwa wakavichukue.

Baba, umefika salama. Pumzika kwa amani. Saa sita tutakusikiliza.