Simu ya Kishanda Haifungwi Tena kwa Msiba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: Joviana wa Kishanda alikufa na mtoto tumboni kwa sababu sisi tulifunga simu ya upepo. Jirani kulikuwa na msiba, na kwetu maiti ikiwa ndani hakuna anayeshika jembe wala kazi nyingine. Tukaihesabu simu kuwa kazi. Gari la wagonjwa lilikuwa Muleba, lina mafuta, halikuitwa.

Tumeanza na hilo kwa sababu hatukutaka ulisikie njiani. Sasa karibu sana. Barabara umeiona mwenyewe, hatuna haja ya kukueleza.

TULIKOTOKA

Wakati wa vita tulipewa simu hizi ili tutoe habari za ndege za adui. Vita vilipokwisha, serikali ya wilaya ikatuachia tatu: ya Kishanda, ya Muleba, na ya Kahororo mjini Bukoba, ambayo Ndugu Hasmukh anaitunza nyuma ya duka lake, pamoja na kutuchajia betri. Hatulipwi. Tunaita gari la wagonjwa, tunatoa habari za moto, mafuriko na ajali.

Kisha ukaja ukimwi. Misiba ikafuatana, leo kibanja hiki cha migomba, kesho kile, na simu ikawa inafungwa zaidi kuliko inavyofunguliwa. Baada ya Joviana tulikubaliana haitafungwa tena. Kukubaliana kulikuwa rahisi, kwa kuwa siku hiyo aliyefiwa hakuwa mmoja wetu.

TULICHOFANYA

Asubuhi ya kumzika Kokugonza, Apolinary Rweyemamu, mtu wetu wa simu Kishanda, alikuwa amekaa kwenye majani yaliyotandikwa ndani, kando ya jeneza. Kokugonza alikuwa dada yake pekee. Ukimwi ulipommaliza nguvu, Apolinary ndiye aliyemnywesha uji, na dada alimwomba jambo moja tu: "Udongo wa kwanza unitupie wewe."

Mtu wa baiskeli akaingia uani akihema. Lori la kahawa limepinduka mtoni, watu wako chini ya magunia.

Apolinary akainuka. Mjomba wake, mzee Rugaibula, akamshika koti.

"Unakwenda wapi? Dada yako hajatoka ndani."

"Kwenye simu, mjomba. Narudi sasa hivi."

"Nenda. Simu hiyo ndiyo itakayokuja kukuzika."

Kibanda cha simu kiko ng'ambo ya kibanja tu. Muleba hawakusikia. Bukoba walisikia.

"Kishanda, wewe leo si una msiba?" Hasmukh akauliza.

"Ninao. Niletee gari."

"Nakimbia hospitali. Usizime, ndugu yangu. Daktari atataka kusema nawe mwenyewe."

Daktari akaja dukani. Akawa anaeleza nani asivutwe, mguu unaotoka damu ufungwe vipi. Apolinary akawa anamwambia mtu wa baiskeli, naye anakwenda mtoni na kurudi na swali jingine. Katikati ya hayo Apolinary aliusikia wimbo ukitoka uani, ukipita kwenye migomba, ukisimama. Alijua wimbo ukisimama, udongo unaanza. Daktari alikuwa anauliza kama yule dereva bado anapumua. Apolinary akajibu, "Anapumua."

Gari lilifika. Watu wote wa lori wako hai, na dereva mwenyewe, Gamaliel, ni yule pale mwenye mkongojo. Mheshimiwa, tulishusha pumzi.

Apolinary bado. Mjomba alimnyima salamu mpaka matanga yakaisha. Ndipo Gamaliel akajikongoja hadi kwa mzee Rugaibula, akakaa, akala, akakaa tena. Mwishowe mzee akamwita Apolinary, akamwekea mkononi kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mtu anayetakiwa abaki.

"Kaa, mwanangu. Huyu uliyemwokoa anamaliza ndizi zangu, unisaidie kumlisha."

Baadaye alisimama mkutanoni akasema simu isifungwe hata siku atakayokufa yeye. Haijafungwa tangu hapo.

TUNACHOOMBA

Betri umetuletea, ahsante sana. Tunaomba jambo moja: kila kituo kipate mtu wa pili, na serikali imfundishe, ili mwenye maiti azike. Kwa Kishanda, mwanakijiji mwenzetu Alistidia amekwisha kukubali. Anasubiri kufundishwa tu.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na wa nyumbani kwako uwakute wazima. Ni sisi, Wajitolea wa Simu ya Upepo, Bukoba na Muleba.

Ulipokuwa unashuka garini ulituuliza kazi hii imetugharimu nini. Imetugharimu Joviana. Imetugharimu mtoto wake, ambaye hakupata jina. Na kiganja kimoja cha udongo, ambacho Kokugonza alimwomba kaka yake, na hakukipata.