Kadi ya Feni Tatu

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kompyuta kubwa ya ukumbi wa gemu ilipozima kwa mara ya nne wiki ile, na vijana waliokuwa wakiicheza wakatoka nje wakirusha mikono kama watu walionyang'anywa sahani. Nyuma yao alitoka Vipimo, bisibisi mfukoni, kijasho puani, akaenda moja kwa moja kwenye benchi lililokuwa mbele ya karakana ya kuchomelea, akakaa ukingoni kabisa kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Benchi lile lilikuwa na wenyewe. Palikuwa na Cheche, mwenye karakana, fundi wa mageti na madirisha ya chuma. Palikuwa na Barafu, fundi wa friji. Palikuwa na Mzee Rejeta, dereva wa malori aliyestaafu lakini bado akikaa hushika goti kana kwamba ni gia. Na palikuwa na Mama Birika, aliyewauzia kahawa na kuwasikiliza bure. Jina la Vipimo walimpa wao, siku ile alipokuja na rula na kupima kimo cha benchi kabla hajakubali kulikalia. Chuo alikuwa amemaliza mwaka uliopita, shahada ya uhandisi, na kazi yake ya kwanza ndiyo hii: kutunza mashine za mjomba wake.

— Imezima tena — alisema Mama Birika, akimimina. Hakuwa anauliza.

— Imezima.

— Mjomba wako kasemaje?

— Kesho mchana kuna mechi, vijana wa mtaa huu na wa ng'ambo ya barabara. Ikizima mbele ya watu, anaiuza. Na pale penye meza yangu ya ufundi anaweka friji ya soda. Mimi niende kwa shangazi nikauze vitambaa.

— Vitambaa si kazi mbaya — alisema Cheche. — Kupima utapima mpaka uchoke.

Walicheka. Vipimo naye alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Kilichomkera si vitambaa. Mara tatu alikuwa amemwambia mjomba wake, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba mashine imepona. Mara ya kwanza mjomba alimpigia makofi. Mara ya pili alisema sawa. Leo asubuhi, mara ya tatu, alimtazama tu, akaendelea kufagia.

— Hebu tueleze ugonjwa wenyewe — alisema Barafu, akijivuta karibu. — Wengine sisi ni mafundi, usituone tumekaa.

Vipimo alichukua sinia ya Mama Birika, akaipindua kwenye magoti iwe mfano wa kadi.

— Ndani ya kompyuta mna kadi. Hiyo ndiyo inayochora picha za gemu. Ni kubwa, nzito kama tofali. Nimeiegemeza kwa kijiti chini isilegee. Moyo wake ni kidude cha ukubwa wa stempu tu, lakini kadi nzima inakula umeme karibu nusu ya pasi ya nguo, na umeme wote huo mwisho wake ni joto. Haubaki hata kidogo.

— Pasi ndani ya sanduku — alisema Mzee Rejeta. — Mngeniuliza mapema.

— Waliotengeneza wameliona hilo, Mzee. Juu ya moyo wameweka bamba la shaba. Kwenye bamba wameunga mabomba ya shaba, na ndani ya kila bomba mna maji kidogo sana. Yakipata moto yanakuwa mvuke, mvuke unakimbilia upande wenye ubaridi, unageuka maji, unarudi. Mabomba yamepenya kwenye mapezi ya aluminiamu, membamba kama kurasa. Juu ya mapezi kuna feni tatu zinapuliza.

— Kwa hiyo ni friji — alisema Barafu.

— Si friji.

— Maji yanakuwa mvuke, mvuke unakuwa maji. Kama si friji ni nini, ndoa?

— Friji ina mota ya kusukuma gesi. Hii haina. Inajizungusha yenyewe kwa joto lake.

— Mimi ningeitia kwenye friji moja kwa moja. Kompyuta nzima. Nina moja pale dukani, mwenyewe kaitelekeza, mlango unafunga vizuri tu.

— Friji ya nyumbani imetengenezwa kupoza maziwa yakatulia, kaka, si kupambana na pasi isiyozimwa. Itashindwa. Halafu ukifungua mlango, unyevu wa nje unaingia, unakuwa matone juu ya sakiti. Hapo hatuulizi tena kwa nini imezima.

Barafu aliipokea hoja hiyo kwa kunywa kahawa.

— Tatizo ni feni — alisema Cheche. — Nilichungulia siku ile ninaleta kabati lake la chuma. Zile za pembeni zinazunguka huku, ya katikati inazunguka kule. Mmoja kati yao ni mkaidi. Mtoe.

— Imefanywa makusudi. Zote zikizunguka upande mmoja, pale zinapokaribiana upepo wa hii unagongana na upepo wa ile. Ya katikati ikigeuzwa, pepo zao zinakwenda pamoja.

— Mkaidi aliyewekwa makusudi — alisema Mama Birika. — Na mimi ninaye nyumbani.

— Sikilizeni — alisema Mzee Rejeta, na goti akalibadilisha gia. — Lori langu la mwisho lilikuwa linachemka mlimani. Nilifanya nini? Niliwasha hita ya ndani. Joto lote la injini likaja kwangu. Nililowa jasho mpaka soksi, lakini lori lilipanda. Mashine ile inataka mtu wa kubeba joto lake. Wale vijana wamekaa mbali mno. Waisogelee, waikumbatie.

— Waikumbatie kompyuta.

— Kwa zamu.

Vipimo aliuma ukucha wa kidole gumba, akakumbuka, akauacha.

— Nimeifungua nikabadilisha grisi ya kupitisha joto, ile inayokaa kati ya moyo na shaba. Nimeibadilisha zaidi ya mara moja, nikasema labda niliipaka nene. Mapezi nimeyapiga brashi pezi kwa pezi. Halafu nikapima. Nikiitesa mimi mwenyewe kwa gemu nzito saa nzima, joto linafika nyuzi sabini na moja, linasimama hapo. Ni salama kabisa. Nikiwakabidhi wateja, inazima.

— Basi inakuheshimu wewe — alisema Cheche. — Wako watoto wa hivyo. Ilimradi lawama isije kwenye kabati. Kabati lile ni mkono wangu: bati la milimita mbili, na limekaa ukutani kama jino. Mwizi aje na ukoo wake wote.

Hakuna aliyembishia. Kabati la Cheche lilikuwa fahari ya mtaa. Mwaka uliopita mtu mmoja aliingia ukumbini akalipia mchezo, akacheza kwa adabu, akaondoka na kadi ya kompyuta ndani ya shati. Tangu hapo mjomba aliamuru mashine kubwa iishi ndani ya kabati la chuma, skrini na vibonyezo tu vikibaki nje, na ufunguo akautundika kiunoni mwake.

— Wanacheza nini ikizima? — aliuliza Barafu ghafla.

— Gemu.

— Gemu gani? Ya mji, ya msitu, ya wapi?

Vipimo alifikiri.

— Ile ya jangwani, mpya, iliyoletwa wiki hii.

— Mara zote nne?

— Mara zote nne.

Barafu aliwageukia wenzake polepole, kama wakili aliyebakiza shahidi mmoja.

— Kadi inachora nini? Inachora jangwa. Jua kali, mchanga unawaka, hakuna mti. Kutwa nzima inachora moto, nayo ina moyo. Kesho wachezeshe ile yenye theluji.

— Haiwezekani — alisema Vipimo.

— Jirani yangu ana mwanawe — alisema Mzee Rejeta — simu yake ilipasuka kioo akitazama picha ya volkano.

— Aliiangusha, Mzee.

— Kwa nini aliiangusha? Iliunguza.

Vipimo alijua ni upuuzi. Gemu ile ilikuwa nzito tu, yenye vivuli vingi vya kukokotoa, basi. Lakini alikuwa amechoka kiasi kwamba, kwa nukta moja, alijikuta akiwaza kama ile ya theluji ingepatikana kabla ya kesho mchana. Alipojigundua, machozi yalimlengalenga. Alipeleka kikombe mdomoni kuficha uso, na kilikuwa kitupu.

Wakati huohuo alifika mwanamke mwenye mkoba wa kazini. Mwanawe alikuwa bado ukumbini, akiomba raundi moja tu ya mwisho kwenye mashine ndogo, naye mama aliona ni heri angoje amekaa. Walimsogezea nafasi. Alinywa kahawa nusu kikombe akisikiliza habari za theluji, uso wake ukijitahidi kubaki na adabu.

— Samahani — alisema. — Mimi mambo ya kompyuta siyajui. Nimesikia tu feni zinapuliza. Ule moto ukishapulizwa, unakwenda wapi?

— Unatoka kwenye kadi — alisema Vipimo.

— Halafu?

— Unajaa ndani ya kompyuta, na feni za nyuma zinautoa.

— Unakwenda wapi?

— Unaingia kwenye kabati.

— Na kwenye kabati unatokea wapi?

Barafu alimtazama Mzee Rejeta. Mzee Rejeta alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Kisha wote, bila kupanga, wakamgeukia Cheche.

— Mbele kuna matundu — alisema Cheche.

— Hayo yanaingiza — alisema Vipimo.

— Basi utokee hapohapo.

— Ukitokea hapohapo unarudi hapohapo.

Aliinuka. Sinia ya Mama Birika ilianguka, na hakuiona. Alikuwa anajiona yeye, kila mara alipopima: anamwomba mjomba ufunguo, anafungua kabati, kwa sababu kitufe cha kuwashia kiko ndani, kwa sababu anataka kusikia feni, kwa sababu anapenda kuweka mkono karibu. Anaitesa mashine saa nzima, mlango ukiwa wazi. Nyuzi sabini na moja. Anaridhika, anafunga mlango, anarudisha ufunguo, anasema imepona. Na mjomba alikuwa amekataza namba za joto zisionekane kwenye skrini wateja wakicheza, eti zinatisha watu. Hakuwahi hata mara moja kuipima ikiwa imefungiwa.

— Nimeuliza vibaya? — alisema yule mama.

— Hapana, dada. Umeuliza vizuri. Nilikuwa napima mashine nyingine. Ile yenye mlango wazi. Ile nzima.

Mwanawe alitokea wakati huo, akashikwa mkono, wakaenda zao. Waliobaki walikuwa na neno moja tu la kumaliza, na lilikuwa na mwenyewe.

— Kabati langu halitobolewi — alisema Cheche.

— Mjomba Cheche.

— Usiniite mjomba ukiwa na shida. Nyuma niliziba makusudi. Mwizi hupitia nyuma.

— Weka nondo. Lakini hewa ipite. Juu, upande wa nyuma, kwa sababu moto unapanda. Na eneo la uwazi lisipungue lile la matundu ya mbele.

— Nondo nizipangeje?

— Mkono usipite. Upepo upite.

Cheche alitazama mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mwizi wa kupimia. Hapo Vipimo alijua amekubali, maana alianza kulalamika kuhusu diski ya kukatia.

— Na kabati lisogezwe kutoka ukutani — aliongeza Vipimo. — Shubiri nzima.

— Jino unaling'oa kabisa.

— Kahawa imekwisha — alisema Mama Birika, akiokota sinia yake. — Sasa mkafanye kazi.

Ijumaa asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa, kompyuta ilitolewa na kufunikwa shuka, na Cheche akakata mgongo wa kabati lake mwenyewe huku akisononeka kwa kila cheche. Alichomelea nondo zikiwa zimekaribiana, akajaribu kupitisha mkono, ukakwama kwenye vifundo, akatabasamu kidogo. Vipimo alifuta vumbi la chuma lote, akaangalia tena kama limeisha, akairudisha mashine mahali pake. Mjomba alisimama mlangoni na ufagio wake.

— Mjomba, naomba unifungie — alisema.

— Nikufungie nini?

— Kabati. Funga, kaa na ufunguo. Na leo niruhusu namba zikae kwenye skrini mpaka saa ya mechi.

Mjomba alifunga. Vipimo aliwasha gemu nzito kuliko zote, akavuta kiti, akakaa mkono ukiwa chini ya paja usije ukafika mdomoni. Namba zilipanda sitini, zikapita sabini na moja. Zikafika sabini na sita. Sabini na saba. Zikarudi sabini na sita, na hapo zikakaa, dakika baada ya dakika, saa nzima, kama mtu aliyepata kiti.

Safari hii hakusema imepona. Aliinuka, akapita nyuma ya kabati kwenye ule upenyo mpya, akaweka kiganja mbele ya nondo. Kisha akamwita mjomba wake, akaushika mkono wake na kuuweka pale pale.

— Moto huu — alisema mjomba, akiuondoa.

— Ndiyo, Mjomba. Unatoka.

Mjomba aliurudisha mkono, akauacha hapo kwa muda. Vipimo alikwenda kufungua milango ya ukumbi.