Damu ya Mke wa Fundi

"Waraka wa Ndani Na. 9: Kuhusu Ung'avu wa Vioo Vyote vya Hospitali kwa Ajili ya Ziara ya Mkaguzi." Ulibandikwa langoni ukiwa na mihuri mitatu, na sisi wa benchi la ng'ambo ya barabara tuliucheka wiki nzima. Asubuhi hiyo hatukucheka. Fundi, seremala wetu, alitoka hospitali mikono mitupu. Mkewe yuko wodini siku ya nne, damu imechukuliwa mara tatu, na daktari hawezi kuchagua dawa bila majibu. Mashine, wanasema, haioni kitu.

— Mashine ya kuona, haioni! Fundi alifoka. Mimi nikikosea kipimo cha mlango, mteja ananishika shati!

— Mara tatu? alisema Mama Kahawa akimimina. Hiyo damu ya shemeji wanaipeleka wapi?

— Mashine imegoma, alitamka Mheshimiwa, karani mstaafu. Imesikia itahamishiwa mkoani, sasa inajifanya mgonjwa. Nimeona watumishi wengi wa namna hiyo.

— Mheshimiwa, mke wangu anaumwa!

— Ndiyo nasema iandikiwe barua ya kujieleza!

Kamanda, mfagizi mkuu wa hospitali, aligonga benchi.

— Msiisingizie mashine. Wapimaji wenyewe ndio wachafu! Vioo vyao vidogo nilivikuta na ukungu kama chupa ya taa. Nimevisugua mwenyewe mpaka vikaona haya.

— Angalau mmoja anafanya kazi humo, Fundi alisema.

Hapo akavuka barabara dada mmoja wa koti jeupe, mgeni benchini, akaomba kahawa.

— Wewe ni wa maabara? Fundi alisimama. Damu ya mke wangu inawashinda nini?

— Kaka, nisikilize. Tunachokitafuta ni kidogo mno. Tunakipaka rangi inayowaka ikimulikwa, lakini inawaka hafifu, mashine haiioni. Ikiwa karibu na madini ya fedha, inawaka mara nyingi zaidi. Kwa hiyo vioo vidogo tunavyowekea damu huja na utando mwembamba wa fedha. Leo nimeviangalia. Havina utando.

Kamanda aliweka kikombe chini.

— Huo utando, dada... ni wa kijivujivu?

— Kijivujivu.

— Waraka ulisema vioo vyote.

Fundi alimkodolea Kamanda macho. Mimi nilidhani atampiga.

— Sikulaumu, mzee wangu, dada alisema taratibu. Ila nani aliuandika huo waraka?

Mheshimiwa alivaa miwani, akavuka hadi langoni, akasoma juu mpaka chini, akarudi. Mihuri mitatu, sahihi hakuna.

Vioo arobaini vilisuguliwa Jumatatu kwa kitambaa na dawa ya madirisha. Vipya vitafika baada ya wiki mbili. Mke wa Fundi alihamishiwa hospitali nyingine mchana ule, hajapewa dawa.