Bega la Dada Yenu

Sikilizeni wanangu, sogezeni viti, na wewe mziwanda punguza kilio, utalia vizuri nikishaondoka. Nyumba hii ni yenu wote watatu, asimfukuze mtu mwenzake. Mashine ya kufungia nyuzi za raketi, iliyonilisha miaka thelathini pale klabu, ni ya mziwanda, maana ndiye aliyerithi vidole vyangu. Hayo ndiyo mepesi. Zito ni lako, binti yangu mkubwa, na nimelibeba peke yangu miaka kumi na tisa.

Hawa wadogo zako walikuwa wachanga, hawakukuona ukicheza. Wanangu, dada yenu nilimfundisha tenisi kwenye ukuta wa stoo tangu ana miaka sita, na alipofika kumi na saba alikuwa mchezaji wa kulipwa, wa sitini na moja duniani. Mimi fundi wa nyuzi, niliyezoea kuingia klabu kwa mlango wa nyuma, nikawa naitwa Baba Bingwa, na jina hilo lililewesha kuliko pombe.

Wiki ya mashindano makubwa, bega likamuuma. Kwa kuwa alikuwa bado mtoto kisheria, daktari aliniita mimi, akaweka picha ya bega kwenye taa, akasema, "Mzee, msuli huu umebaki uzi. Miezi sita asishike raketi." Nikatoka. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, kamba ya kiatu kimoja haijafungwa, akaniuliza, "Baba, kasemaje?" Nikamjibu, "Uchovu tu, mama. Utachuliwa, utapona." Kocha wake alitilia shaka, akataka kumwona daktari mwenyewe, nikamfukuza siku ile ile, nikatangaza kwamba ana kijicho.

Akacheza. Alishinda mechi tatu huku akiuma meno, na mimi jukwaani napiga makofi. Robo fainali, seti ya tatu, aliinua mkono kuanzisha mpira, raketi ikamtoka, akaanguka kwa magoti, na hakuinuka mpaka walipomwinua. Mwaka uliofuata alirudi akianzisha mpira kwa mkono wa chini kama mtoto wa shule. Watu wakacheka, magazeti yakaandika hana moyo. Aliacha akiwa na miaka ishirini. Siku hizi anafanya kazi kwenye duka la dobi, na hawezi kuanika shuka mpaka mwenzake amshikie ncha.

Lakini zito kuliko yote si hilo. Siku aliyoacha alinipigia magoti jikoni, akasema, "Nisamehe baba, nimekuangusha, nilikuwa mlegevu." Nami nikamwekea mkono kichwani, nikamwambia, "Nimekusamehe." Mimi, wanangu! Mimi ndiye niliyesamehe!

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Wangu nimemlea mpaka ameota mvi. Na mchuma janga hula na wa kwao, ila mimi nililichuma nikamwachia mtoto ale peke yake.

Kocha yu hai, anafundisha watoto shule ya nyuma ya soko. Nendeni, mkamwambie mbele ya watu kwamba alisema kweli. Kaburini asisimame mtu kunisifu. Nanyi mkiwa wazazi, mtoto akisema anaumwa, mwaminini, hata kama uwanja mzima umekaa unamsubiri.

Mbona unainuka, mama? Hapana, msimshike. Wewe kaka mtu, mpishe mlangoni. Ana haki. Sikuombi unisamehe, binti yangu, neno hilo nimelichafua mwenyewe... Nataka ujue tu...

Ametoka? Basi pokeeni nyinyi baraka hizi, mumfikishie. Mungu awape... awape afya, awape watu wa kuwaambia kweli mapema. Awe naye kila... kila aendako. Mmoja wenu amkimbilie. Mwambieni hakuwa mlegevu. Kimbia, mwanangu, bado yuko... bado yuko ngazini...