Tusekile na Watoto Wanaosoma Uso

Nyinyi mnaosema mtoto mchanga hajui kitu, leo nyamazeni. Na wewe Ackson mlinzi, acha kucheka. Watoto wamekukataa mara ngapi pale mkekani?

Tusekile ametulelea watoto wa wachuma chai hapa kituoni Kinyala miaka ishirini na nane, na tarehe thelathini mwezi huu wa sita anastaafu. Alianzia uani, kufua nguo za watoto, kwa sababu ana kovu la moto shavuni na mama mmoja alidai litawatisha. Limtishe nani? Watoto walilitazama, wakalipapasa, wakarudi kunyonya vidole vyao. Haukupita muda wakawa wanalia akitoka, si akiingia. Akahamishiwa mkekani, na hakutoka tena.

Kabla ya kumbeba mtoto, Tusekile huchuchumaa kwanza, akamwacha amwangalie mpaka atosheke. Na wanaangalia, jamani! Hakimu haoni ndani. Aliwahi kuja mgeni mmoja mkubwa, tai shingoni, meno nje, macho yote kwenye kamera. Mtoto aliyepewa alimkagua, akaangua kilio. Tusekile akamwambia, "Baba, hebu mwangalie yeye kwanza." Mgeni akainamisha macho. Mtoto akanyamaza, akamkamata pua. Picha ilipatikana, ya mheshimiwa kakamatwa pua.

Mwezi uliopita akaja Lightness, binti mchapakazi, kushika nafasi hii. Alinanuswe, mtoto wa Jenifer, akamkataa. Uji hataki. Jenifer akawa anaacha chai shambani aje kumlisha mwenyewe, na kwa mwendo huo kibarua kitaota nyasi. Watu wakasema ni chango la tumbo, wakaanza kuchemsha majani ya dawa. Tusekile akacheka. Kwa ukungu wetu huu, Lightness alikuwa anaingia kajifunika kitenge mpaka chini ya macho, anampokea mtoto hivyo hivyo, halafu anakifungua wakati wa uji. Tusekile akamwambia, "Gwe mwanangu, wewe ungekula kwa mtu anayebadilika sura mbele yako?" Tangu siku hiyo Lightness anaingia uso wazi, na Alinanuswe anameza, ila jicho lake liko kwa Tusekile. Tusekile akitoka tu, mdomo unafungwa. Hilo ndilo linalomnyima mwenzetu usingizi, wala si kustaafu.

Tusekile, ndaga fijo, asante sana. Umelea watoto wetu, ukalea na watoto wa watoto hao. Nenda nyumbani ukale ndizi zingali moto, maana hapa kila siku ulizila zimepoa. Mungu akutunzie hayo magoti.

Sasa Jenifer, sikia. Juzi ulimkabidhi mtoto kwa Lightness umekunja uso kama unampa mwizi. Alinanuswe alikuangalia wewe kwanza, ndipo akalia. Siku ya kwanza bila Tusekile, msalimie Lightness, ucheke naye, mtoto akuone. Halafu mpe mtoto, beba kikapu chako, nenda kwenye chai. Na usigeuke nyuma.